Nambari ya simu iweke kama maandishi

Ukiunda jedwali la wateja kwenye hifadhidata, safu ya simu iwe VARCHAR (aina ya maandishi), si INT (aina ya nambari kamili). Nimeligundua jana, orodha ya wateja wa kinyozi mmoja wa Kayole ilipoonyesha 722 bila ile sifuri ya mbele. INT huisoma simu kama kiasi, kwa hiyo sifuri inaanguka. Ukianza na 254 (msimbo wa simu wa Kenya), tarakimu 12 zinapita kikomo cha INT cha 2147483647 na MySQL (programu ya hifadhidata) inagoma. Kwani simu utaijumlisha na nini? Ila maandishi hayajui kuwa 0722 na +254722 ni mtu mmoja: zigeuze zote zianze na 254 kabla ya kuhifadhi, la sivyo mteja atajisajili mara mbili. Bei na salio viache kama nambari.