Kumfuata sokwe mmoja kutwa nzima Kibale: namna ya kuandika data

Nawaandikia wanafunzi wanaokuja Kibale, hifadhi ya msitu huku Uganda, na daftari safi, kisha wakakwama sokwe anapozama kichakani.

Hatua ya 1: Vibali. Waone UWA (Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda) na UNCST (Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda) mapema, kabla hujanunua hata buti.

Hatua ya 2: Afya. Una mafua? Baki kambini. Mwaka 2013 kirusi cha mafua ya kawaida ya binadamu kiliua sokwe 5 Kanyawara, humu humu Kibale. Vaa barakoa, usisogee ndani ya mita 10.

Hatua ya 3: Wajue kwa sura. Tazama sikio lililochanika, kovu, kiganja kilichokatika kwa mtego wa waya. Msaidizi wa utafiti mwenyeji atakufundisha kuliko albamu yoyote ya picha.

Hatua ya 4: Mfuate mmoja. Chagua jina kwenye orodha ya sokwe kabla hujatoka kambini. Ukichagua porini, macho yatavutwa na dume anayetikisa matawi, na majike watulivu watakosekana kwenye data. Kila dakika 2 saa ikilia, andika anachofanya sekunde ile ile: anakula, anapumzika, anatembea, anachambuliwa manyoya.

Sasa saa imelia na humwoni. Usikisie, usinakili mstari wa juu, usiache nafasi wazi. Andika HAONEKANI. Akiwa juu ya mkuyu anakula, unamwona vizuri saa nzima. Akishuka magugu yanammeza. Ukihesabu dakika ulizomwona tu, data itadai anakula kutwa na hatembei. Wingi wa HAONEKANI ndio utakaokuonyesha data imeegemea wapi. Sauti yake iandike kwenye safu ya peke yake, maana kumsikia si kumwona. Wala usimrukie jirani yake kwa sababu yuko wazi: ukimkosa dakika 20, funga kipindi, andika saa, ndipo uende kwa jina la pili kwenye orodha.

Tumia penseli. Mvua ya huku hufuta wino, na kioo cha simu hakisikii kidole kilicholowa.

Hatua ya 5: Mitego. Waya hutegewa funo na nguruwe pori, lakini humnasa sokwe vilevile. Weka alama kwenye GPS, uwaarifu waondoa mitego siku hiyo hiyo. Hili halingoji data yako iishe.

Hatua ya 6: Kiota. Kila jioni sokwe hujenga kiota kipya cha kulala. Tia alama mti huo, na kesho ufike kabla ya saa 12 asubuhi, hajashuka.