Somo: Kupanga ekseli ya nyuma na pembe za propela shafti

Somo hili ni la gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma, lenye ekseli nzima, yaani moja inayobeba magurudumu yote mawili ya nyuma. Propela shafti ni fimbo inayozunguka kupeleka nguvu kutoka gia boksi hadi ekseli hiyo. Ukilishusha gari au ukaliongezea nguvu, pembe zilizotoka kiwandani hubadilika, na mtetemo unaokuja hautibiki kwa kubalansi tairi.

Krosi ni kiungo cha umbo la msalaba kwenye kila ncha ya shafti. Ikizunguka huku imepinda, mwendo wa shafti huharakika na kupungua mara 2 kila mzunguko. Krosi ya nyuma ikiwa na pembe sawa na ya mbele, hufuta kasoro hiyo. Ndiyo maana tunapanga.

Hatua ya 1. Kagua bushi, krosi na maunti ya gia boksi kabla ya kupima chochote. Bushi zikiwa zimekufa, pembe unayoipanga leo haitakuwepo gari likivuta. Badilisha kwanza. Hakikisha pia masikio yanayoshika krosi kwenye ncha mbili za shafti yamekaa kwenye mstari mmoja.

Hatua ya 2. Weka ekseli katikati. Pima kutoka chasi hadi rimu, kushoto na kulia. Kama kuna fito ya Panhard (inayozuia ekseli isisogee kushoto au kulia), irekebishe hadi vipimo vilingane. Kisha linganisha umbali wa gurudumu la mbele na la nyuma kila upande. Ekseli iliyokaa mshazari hulifanya gari litembee upande hata usukani ukiwa sawa.

Hatua ya 3. Pima pembe gari likiwa limebeba uzito wake. Stendi zikae chini ya mabomba ya ekseli, kamwe si chini ya chasi, kwa sababu ekseli ikining'inia namba zote ni za uongo. Mbele nako pandisha kwa namna hiyo hiyo, uzito ubaki kwenye springi. Gia iwe huru, magurudumu yawekewe kabari. Futa grisi na kutu mahali kipimo cha pembe kinapokaa; chembe moja ya uchafu inatosha kukupoteza. Pima mkia wa gia boksi, shafti, na flanji ya pinioni (gia inayopokea nguvu ya shafti na kuiingiza kwenye difu). Sakafu ikiinama kidogo si neno, mradi gari lisisogezwe katikati ya kazi.

Mfano: gia boksi inashuka kuelekea nyuma digrii 3, shafti digrii 4.5. Krosi ya mbele inafanya kazi kwa 1.5, yaani 4.5 kutoa 3. Pua ya pinioni ikitazama juu digrii 3, ya nyuma nayo ni 1.5. Hapo gia boksi na pinioni ziko sambamba. Lenga kati ya 1 na 3 kwa kila krosi. Usiifanye sifuri, maana sindano za beringi zisipozunguka huchimba sehemu moja.

Hatua ya 4. Gari likivuta, pua ya pinioni hupanda. Kwa hiyo ishushe mapema kidogo chini ya hali ile ya sambamba: digrii 1 hadi 2 kwa ekseli inayoshikwa na mikono minne yenye bushi za mpira, zaidi kwa springi bapa kwa kuwa hujipinda sana. Mikono ya juu ikifupishwa, pua hushuka, ikirefushwa, hupanda. Kwenye springi bapa tumia kabari za chuma. Kaza boliti za bushi gari likiwa limesimama kwa uzito wake.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, nitajuaje kama ni pembe au shafti haina balansi?
Jibu: Mtetemo wa pembe hubadilika ukikanyaga au ukiachia mafuta. Shafti isiyo na balansi hutetema mara 1 kwa mzunguko, na huzidi kadiri mwendo unavyopanda, ukanyage usikanyage.

Swali: Langu lina difu iliyofungwa kwenye chasi. Nishushe pua?
Jibu: Hapana ndugu. Difu hiyo haipandi sana, panga sambamba. Kagua bushi zake.

Swali: Nimeshusha gari, shafti inagonga gia boksi kwenye matuta.
Jibu: Kichwa kinachoteleza, yaani ncha ya shafti inayoingia na kutoka kwenye gia boksi, kimefika mwisho. Gari likiwa limesimama, kibaki na nafasi ya kama sentimita 2 hadi 2.5 kuingia ndani. Kama haipo, shafti ifupishwe na kubalansiwa upya kabla hujaliendesha tena.