Kurudisha kijito kwa trauti wa Apache: hatua kwa idara zinazoshirikiana

Trauti wa Apache, samaki wa Milima ya White huko Arizona, Marekani, aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka mwaka 1967. Mwaka 1975 akapandishwa daraja la nafuu kidogo, na 2024 akaondolewa kabisa. Walioifanya kazi hiyo ni kabila la White Mountain Apache, idara ya wanyamapori ya jimbo, na idara za samaki na misitu za serikali kuu. Kinachommaliza ni trauti wageni: wa kahawia humla, wa vijito humnyang'anya chakula na maficho, wa upinde wa mvua huzaa naye machotara. Kwa hiyo lengo ni kijito kisicho na mgeni hata mmoja. Wakibaki wawili, dume na jike, mmepoteza pesa.

Anzeni na makubaliano ya maandishi: ardhi ni ya nani, kibali cha kumwaga dawa majini kiko kwa nani, nani ana cheti cha kutumia rotenoni (ndiyo hiyo dawa, huua samaki), na nani peke yake anaweza kusimamisha kazi siku ya dawa. Hilo la mwisho husahaulika, kisha mvua ikianza kunyesha saa nne asubuhi watu watano wanabishana. Kwenye ardhi ya kabila, ruhusa ya kabila ndiyo ya kwanza.

Kabla ya dawa, jengeni kizuizi, wageni wasipande tena kutoka chini. Maporomoko yawe na urefu wa mita 1.5 hadi 1.8, na chini yake sakafu ya zege, maana trauti huruka akiwa na kina cha kujipigia mkia. Vizuizi vya mwanzo vya mawe yaliyofungwa kwa nyavu za waya viliharibika vingi. Zege hudumu zaidi.

Kateni vipande vya mapezi, mviweke kwenye ethanoli, maabara iseme nani ni wa asili na nani chotara. Wa asili wahamisheni.

Dawa hutiwa mwishoni mwa kiangazi: maji ni machache, na trauti wa vijito hawajataga. Mayai yaliyofukiwa kwenye changarawe huipona rotenoni, ndiyo maana kazi hurudiwa mwaka unaofuata. Pimeni mtiririko asubuhi ileile, si jana yake. Tuseme ni lita 30 kwa sekunde na lebo inaruhusu sehemu 1 ya dawa ya maji yenye rotenoni asilimia 5 kwa sehemu milioni ya maji: dripu (chombo cha kudondosha dawa kijitoni) itoe mililita 1.8 kwa dakika, yaani 432 kwa saa nne. Umbali kati ya dripu hupatikana kwa matenga yenye samaki: pale wanapochelewa kufa, dripu inayofuata ikae juu ya hapo. Vidimbwi vya pembeni vipulizwe kwa bomba la mgongoni. Chemchemi zizibwe kwa donge la unga wa rotenoni, mchanga na jelatini, kwani samaki hukimbilia kwenye maji safi yanayobubujika na kuvuka salama.

Chini ya kizuizi, zimueni dawa kwa pamanganeti ya potasiamu. Kwa miligramu 3 kwa lita na mtiririko uleule, ni gramu 324 kwa saa. Majani na matope huila pamanganeti, hivyo kiasi cha kwenye karatasi mara nyingi hupungua mtoni. Tenga la samaki likae umbali wa dakika 30 za mwendo wa maji chini ya kituo. Wakianza kugeuka tumbo juu, ongezeni. Msifunge kituo mpaka samaki waliowekwa juu yake tu waishi saa nne.

Baada ya raundi ya pili, chujeni lita 5 za maji kila kituo cha sampuli kutafuta vinasaba vya wageni. Msiharakishe, mizoga inayooza hutoa vinasaba pia. Majibu yakiwa safi, hakikisheni kwa mashine ya mgongoni inayozubaisha samaki kwa umeme, ndipo mpandikize trauti wa Apache wa rika mbalimbali.

Kila baada ya mafuriko, mtu aliyetajwa kwa cheo kwenye makubaliano aende kizuizini kuondoa magogo. Gogo moja likilala pale chini huwa ngazi.