Hesabu ya siku kwa BASIC, bila ya kugombana

Mimi ni katibu wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa Wete, na ubishi wetu mkubwa si wa fedha, ni wa siku. Mkopo wa siku 90 umetoka tarehe 20 Novemba 2025. Mmoja anasema unaisha 20 Februari kwa kuwa "miezi mitatu", mwengine anahesabu vidole mpaka vinamkwama. Jawabu ni 18 Februari 2026, Jumatano. Laptopu kuukuu yenye QB64, programu ya kuandikia BASIC (lugha ya kompyuta), inatosha kulitoa.

Achana na habari ya mwezi gani una 30 na upi una 31. Igeuze kila tarehe iwe namba moja ya siku, halafu jumlisha au toa. Hii ni namba ya siku ya Julian, wanayoitumia wanafalaki (s& ni siku, m& mwezi, y& mwaka):

FUNCTION Namba& (s&, m&, y&)
a& = (14 - m&) \ 12
w& = y& + 4800 - a&
k& = m& + 12 * a& - 3
Namba& = s& + (153 * k& + 2) \ 5 + 365 * w& + w& \ 4 - w& \ 100 + w& \ 400 - 32045
END FUNCTION

Mkwaju \ unagawa na kutupa mabaki. Ukiweka / kila kitu kinaharibika. Alama & nayo usiisahau, ndiyo inayoifanya namba iwe ndefu; namba fupi za BASIC zinaishia 32767 na hizi zetu zinapita milioni mbili. Januari na Februari zinahesabiwa mkiani mwa mwaka uliopita, kwa hiyo tarehe 29 Februari inaangukia mwisho kabisa na haimsumbui mtu.

Ijaribu kwa tarehe tunazozijua sote, Mapinduzi na Muungano:

PRINT Namba&(26, 4, 1964) - Namba&(12, 1, 1964)

Lazima itoke 105. Ikitoka 104, kuna herufi umeikosea, na siku iliyopotea ni 29 Februari 1964.

Ukiiita namba ya tarehe n&, jina la siku ni (n& + 2) MOD 7, yaani baki baada ya kugawa kwa saba: sifuri ni Jumamosi, moja Jumapili, mpaka sita Ijumaa. Tarehe zote mbili hapo juu zinatoa moja.

Kuirudisha namba iwe tarehe ndiko watu wanakokukimbia. Mimi natembea mwezi kwa mwezi:

n& = Namba&(20, 11, 2025) + 90
m& = 11: y& = 2025
DO WHILE Namba&(1, m& + 1, y&) <= n&
m& = m& + 1
IF m& = 13 THEN m& = 1: y& = y& + 1
LOOP
PRINT n& - Namba&(1, m&, y&) + 1; m&; y&

Ukiichukua tarehe ya leo kwa DATE$, angalia: inatanguliza mwezi, Kimarekani. Siku ni VAL(MID$(DATE$, 4, 2)).

Idi usiitafute humu. Mwezi mpaka uandame, na uonekane.

Ila Nairuzi, kalenda ya jua ya Waswahili, inakubali. Baba mkubwa ni mvuvi, yeye hataki tarehe, anataka mwongo, yaani kumi la siku. Weka namba ya Siku ya Mwaka (siku ya kwanza ya Nairuzi) kwenye x&, ya leo kwenye n&; mwongo ni (n& - x&) \ 10 + 1, na siku ndani ya mwongo ni (n& - x&) MOD 10 + 1. Siku ya Mwaka inayofuata ni x& + 365 tu, hata mwaka wa Februari ndefu.