Fonti ya kijiometri iachie kichwa cha habari
Ukipenda fonti (mtindo wa herufi) ya kijiometri, yaani iliyochorwa kwa maumbo sahili kama mraba na duara, yenye sura ya zama zijazo, kama Eurostile ya mbunifu wa herufi Mwitaliano Aldo Novarese (1962), ambayo O yake ni kama mraba uliolainishwa pembe, itumie kwenye nembo, bango au jalada. Iliyoitangulia, Microgramma ya 1952, haikuwa hata na herufi ndogo! Kwenye aya ndefu maumbo haya hufanana mno: O na D, B na 8, jicho huchoka haraka. Andika maneno mawili matatu kwa ukubwa, achanisha herufi kidogo, na maelezo yape fonti tulivu. Kabla ya kuamua, jaribu jina lenyewe utakaloliandika. Mimi hutazama kwanza A na V zikikaa pamoja, maana pengo baya hujitokeza hapo.