Kodi zako uziweke wapi, bure au ulipie?

Yakhe, kabla hujatoa kadi ya benki ukaanza kukatwa dola kila mwezi soma hapa kwanza, maana naulizwa hili kila siku na vijana wa chuo Tunguu na jamaa wanaotengeneza saiti za hoteli Nungwi na Paje. Kodi za programu lakini, sio zile za ZRA.

Uko peke yako, au wawili watatu? Usilipe. Zamani GitHub, saiti ya kuweka kodi mtandaoni, ukitaka ripo (ghala la kodi za mradi mmoja) ya siri lazima utoe pesa, 2019 wakaachia bure ila mwisho watu watatu, 2020 wakafungua kabisa, saivi unaalika unaemtaka. Saiti nyengine za namna hiyo, GitLab kundi la siri la bure mwisho watu 5, Bitbucket nao 5. Kama kazi yako ni ya wazi, kila mtu aione na aitumie, ipo Codeberg, jumuiya ya Berlin hawafanyi biashara, ila kazi ya siri ya mteja sio pahala pake.

Bure ina mipaka yake lakini. Mie nilikomiti (kuhifadhi toleo kwenye Git, programu inayotunza historia ya kodi) video ya jahazi ya mteja, MB 180, saa sita usiku na bando la kuungaunga, napushi, yaani naipandisha GitHub, inapanda polepole weee, inafika mwisho inakataliwa! GitHub faili moja likizidi MB 100 halipiti. Nikaitoa, nikakomiti tena, nikapushi, inakataa vilevile. Kumbe kuifuta hakutoshi, bado imo kwenye historia. Dawa yake `git reset --soft origin/main`, komiti zote ambazo hazijapanda zinafumuka na faili zako zimekaa palepale, angalia `git status` video isiwemo, jina lake litie kwenye `.gitignore` (orodha ya faili za kuachwa), komiti upya mara moja, pushi. Usiku ule ningelijua hili ningelala mapema.

Sasa kulipa. Lipa mkiwa timu na mna mtu anaependa kupushi moja kwa moja kwenye main, lile tawi kuu la ripo, bila ya kazi yake kukaguliwa, maana kuifunga main kwenye ripo ya siri GitHub ya bure haikupi. Au majaribio yenu ya otomatiki yanamaliza zile dakika 2,000 za mwezi GitHub wanazotoa bure. Kifurushi chao cha Timu ni dola 4 kwa kichwa, watu watano dola 20 kwa mwezi, 240 kwa mwaka. Mtie mteja kwenye bei, usitoe mfukoni mwako.

Na ulipe usilipe, weka kopi nyengine. Google Code, nayo saiti ya kuweka kodi, ilikuwa ya Google khasa na 2016 ikafungwa. Chomeka flashi, humo piga `git clone --mirror` na anwani ya ripo yako, halafu kila Ijumaa ingia kwenye folda iliyotokea upige `git remote update`, basi. Yangu nilinunua Darajani, inakaa kwenye droo ya bi mkubwa pamoja na vyeti vya kuzaliwa.