Kuandika mantiki ya korona ya mkonge kwa baitikodi ya Java

Katika viwanda vya mkonge vya Tanga, mkanda unaopeleka majani kwenye korona, mashine inayotenganisha singa na jani, haupaswi kusogea mpaka ngoma ya kuchakata ifikie kasi yake na maji ya kuoshea singa yawe yanatiririka. Vinginevyo majani hujazana mdomoni mwa mashine na kazi husimama. Mantiki ya namna hii kwa kawaida huandikwa kwa mchoro wa ngazi, mojawapo ya lugha za kiwango cha IEC 61131-3 kilichotolewa mara ya kwanza mwaka 1993, ndani ya programu ya mtengenezaji wa kidhibiti, yaani kompyuta inayoongoza mashine, na siku kidhibiti kinapobadilishwa kuwa cha kampuni nyingine, mara nyingi kazi yote huandikwa upya. Baitikodi ya Java hupunguza adha hiyo, kwa kuwa ni amri fupi ambazo mashine pepe ya Java, yaani programu inayoiga kompyuta, huzitekeleza bila kujali aina ya prosesa. Sharti lake ni kuwa na kidhibiti chenye mashine pepe hiyo, au kompyuta ndogo ya viwandani iliyounganishwa na kadi za ishara za volti 24. PLC ya kawaida, yaani kidhibiti cha kiwandani kisicho na mashine pepe hiyo, haitaisoma baitikodi, na kama inafanya kazi vizuri sioni sababu ya kuing'oa.

Anza kwenye karatasi. Orodhesha ishara zinazoingia, ambazo hapa ni washa, simamisha, kasi na maji, kisha inayotoka, ambayo ni mkanda, na kila moja uitangaze katika klasi kuwa kigeu cha aina ya static boolean, yaani chenye thamani ya true au false. Kitufe cha kusimamisha kiunganishwe kwa namna ambayo kinapitisha umeme wakati hakijabonyezwa, ili waya ukikatika kidhibiti kione sifuri na mkanda usimame. Baada ya hapo, mantiki nzima ni mstari mmoja, ambamo | ni "au" na & ni "na":

mkanda = (washa | mkanda) & simamisha & kasi & maji;

Mkanda ukishawaka hujishikilia wenyewe hata mwendeshaji akiachia kitufe, na sharti lolote likikosekana huzima. Kwa kuwa vigeu vya static boolean huanza na false, umeme ukikatika na kurudi mkanda hautaondoka peke yake wakati mtu ameingiza mkono kutoa majani yaliyokwama, isipokuwa kitufe cha kuwasha kiwe kimebonyezwa.

Geuza klasi hiyo kwa javac, kompaila ya Java, kisha ifungue kwa javap -c, zana inayoonyesha baitikodi, na usome kilichozaliwa. Utaona mfululizo huu, ambao nimeufupisha:

getstatic washa
getstatic mkanda
ior
getstatic simamisha
iand
getstatic kasi
iand
getstatic maji
iand
putstatic mkanda

Hapa ndipo penye faida kubwa, na ndipo wengi hupita haraka. Ungeandika && badala ya &, javac ingetoa amri za kuruka kama ifeq, na urefu wa njia ya programu ungebadilika kulingana na hali ya ishara; kwa & amri ni zilezile katika kila mzunguko, yaani kila mantiki inaporudiwa, jambo linalorahisisha kukadiria muda. Kagua pia namba zilizo kushoto mwa amri. Ruko lolote linalorudi kwenye namba ndogo ni kitanzi, na kitanzi ndani ya mzunguko wa udhibiti ni hatari, kwa sababu kikaguzi cha mashine pepe huthibitisha aina za data na matumizi ya rundo kabla ya kuendesha klasi, lakini hakithibitishi kwamba programu itafika mwisho.

Mzunguko wenyewe usome ishara zote kwa pamoja, uite mantiki, uandike matokeo, kisha usubiri zamu inayofuata, tuseme kila milisekunde 10. Ndani yake usiruhusu amri ya new, inayounda objekti mpya, hata moja. Objekti zikirundikana, mashine pepe husimama kusafisha kumbukumbu kwa wakati asioupanga mhandisi, na mkanda hausubiri. Jihadhari hasa na kuunganisha maneno kwa alama ya kujumlisha, maana huunda objekti kimyakimya. Kazi ya kuandika kumbukumbu za matukio ipelekwe nje ya mzunguko huu. Kuchelewesha, kama vile kusubiri sekunde 3 baada ya ngoma kufikia kasi, kupimwe kwa System.nanoTime na si kwa saa ya kalenda, ambayo mtu anaweza kuirekebisha mashine ikiwa inafanya kazi.

Kabla ya kupakia, linganisha toleo la faili na la mashine pepe. Faili za Java 8 hubeba namba 52, inayoonekana kwa javap -v, na mashine pepe ya zamani zaidi huikataa. Kigezo cha --release cha javac hutatua hilo pale kompaila yako inapolikubali toleo unalolitaka.

Kitufe cha dharura kisipitie kwenye programu hata kidogo. Kikate moja kwa moja umeme wa koili ya kontakta, yaani swichi kubwa ya mota, na rilei ya ulinzi nayo iukate endapo kidhibiti kitaacha kubadilisha ishara yake katika kila mzunguko.

Jaribio la kwanza lifanywe mota ikiwa imetenganishwa na umeme wake mkuu. Ingiza ishara za kasi na maji, bonyeza washa, uthibitishe kwamba taa ya ishara ya mkanda inabaki imewaka baada ya kuachia kitufe. Kisha chomoa waya wa maji, wa kasi na wa kusimamisha, mmoja baada ya mwingine, ukiwasha upya kila mara. Taa izime kila waya unapotoka, na isiwake tena waya unaporudishwa mpaka kitufe kibonyezwe.